Mwili Haukai Daftarini

Trrrrr. Trrrrr. Kisha kimya.

Nilikuwa nimeinama nyuma ya pazia, simu ya mteja imefunguka tumbo mikononi mwangu, na sikuhitaji kuinua kichwa. Cherehani ya mama ikifika mwisho wa mshono hupunguza mwendo kwanza, kama mtu anayekaribia mlango. Safari hii ilikatika ghafla. Picha ilikuwa imeganda machoni mwake.

"Mhina!" mama aliita. "Dereva wako amelala tena."

"Nakuja. Usisogeze mkono, sindano ipo juu ya kidole."

"Sindano naijua ilipo. Nimeshona gizani miaka sita na sikuwahi kujichoma. Njoo upoze hiki kitu chako."

Nilichovya kitambaa kwenye ndoo, nikakikamua, nikapita upande wake wa pazia. Duka letu hapo Muheza, hatua chache kutoka wanakoshushia machungwa, ni chumba kimoja. Mbele ni mama na cherehani yake, nyuma ni mimi na simu zangu, na katikati kunaning'inia kitenge. Mama alikuwa ametulia juu ya kigoda, macho yake yasiyoona chochote yakiwa yameelekea ukutani. Macho yake ya kweli yalikuwa kifuani, yaani simu ya Android ya zamani, imening'inizwa kwa utepe mweusi, kamera yake ikitazama mbele. Kutoka kwenye simu hiyo waya mwembamba kama uzi ulipanda shingoni hadi nyuma ya sikio, pale madaktari walipopandikiza kidonge kinachopeleka picha kwenye ubongo. Kila mtu mjini aliita kitu hicho mboni.

Niliufunika mgongo wa simu kwa kitambaa kibichi. Ilikuwa moto kama pasi.

"Unaona nini sasa?"

"Namwona kuku wa Mama Kamote wa jirani. Yuko hewani, miguu imekunjwa, hatui." Akacheka. "Haya, ametua. Ahsante, baba."

Cherehani ikaanza tena. Nilisimama pale kidogo nikiisikiliza, nikajivuna kama ninavyojivuna kila mara, na sioni haya kusema hivyo. Mboni ile ilitangazwa kuwa imekufa. Miaka miwili iliyopita kampuni iliyoiunda ilituma ujumbe ukasomwa kwa sauti ya msichana mpole: kifaa chako kimefikia mwisho wa huduma, tunakushukuru. Asubuhi yake mama akaamka kipofu kwa mara ya pili maishani. Programu yao mpya ilitaka chipu yenye nguvu mara nne, na ile ya zamani waliifunga makusudi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hasira ya kutosha kuchemsha maji. Nikairuti simu, yaani nikaifungua mpaka ndani kabisa ili inisikilize mimi, siyo kampuni. Kisha nikamtafuta draiva. Ndani ya simu kuna chipu inayochora kila kinachoonekana, lakini chipu haijui lugha ya mtu. Inamhitaji mkalimani wa kuiambia chora hiki, acha kile, na mkalimani huyo ndiye draiva, ambaye mama humwita dereva. Wa kampuni alikuwa mzembe. Aliamuru kila kitu kichorwe upya mara ishirini kwa sekunde, hata ukuta ambao haujasogea tangu ujengwe. Nilimwandika upya mstari kwa mstari kwa miezi miwili, na mama akaona tena. Juu kabisa ya faili lake, mahali ambapo mafundi huandika majina yao, niliweka beti langu:

Kampuni walitamka, mama hataona tena,
Mwanawe nikainuka, na leo anatuona.

Mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Hakuna aliyenifundisha mashairi, kama ambavyo hakuna aliyenifundisha draiva.

* * *

"Hodi hapa kwa fundi!"

Sauti ilikuwa ya mama mdogo Riziki, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyeteremka kutoka Amani, kule milimani. Harusi ya binti yake, Tatu, ilikuwa imebaki wiki mbili, na mama ndiye aliyepewa kazi ya kushona sare za wanawake wote wa ukoo. Nilifungua pazia nimpokee begi.

Nikasimama.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu nimwone. Mama mdogo Riziki niliyemjua alikuwa mwanamke wa mashavu, wa kicheko kinachotangulia mwili kuingia ndani. Aliyesimama mlangoni alikuwa na kicheko kilekile, lakini macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya uso ilikuwa imeshika mfupa. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine.

"Shikamoo, mama mdogo," nilisema, nikasikia sauti yangu ikiteleza.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama nguzo? Nitolee kiti."

Mama aligeuza kifua chake mlangoni, mboni ikamtazama. Uso wake ulichanua wote.

"Riziki! Ala! Wewe mwanamke huzeeki? Mashavu yaleyale! Sisi wengine tunasinyaa huku chini, wewe huko Amani unakula nini?"

Nilimwona mama mdogo akishangaa. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, kisha akaitazama simu. Alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka ishirini na mbili. Ilimchukua muda mfupi sana kuelewa.

"Nakula baridi, dada," alisema. Akampa kiganja kilichofunikwa na mkono wa sweta. "Usinikumbatie, nina mafua."

Walizungumza habari za nyumbani, za Tatu, za bwana harusi ambaye mama alisema ana shingo ndefu kuliko suruali yake. Baadaye mama mdogo alisema anataka kuchaji simu, akaja kwangu nyuma ya kitenge. Hakuitoa simu.

"Ananionaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ikanibidi niseme. Nilimweleza kwamba chipu ya mama ni dhaifu, na kazi nzito kuliko zote ni kuchora uso wa mtu, kwa kuwa uso hautulii. Kwa hiyo nilimfundisha draiva ujanja. Akimtambua mtu, hachori uso upya. Anauchukua ule aliouhifadhi siku ya kwanza, anauvika kichwa cha mtu huyo, na anachezesha midomo na kope tu. Nguvu inayobaki inakwenda kwenye kitambaa na sindano, ambavyo ni chakula chetu. Sura thelathini na moja zimelala ndani ya simu ile. Ya kwake ilihifadhiwa Idi ya mwaka juzi.

"Idi ya mwaka juzi," alirudia. "Nilikuwa nimevaa ile nguo ya zambarau."

"Ndiyo."

"Nilipendeza siku ile."

"Sana, mama mdogo. Nitaifuta leo hii. Sikufikiria kwamba mtu anaweza..."

Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vijiti vya kiberiti.

"Usifute. Nisikilize. Ni saratani ya damu, na daktari hakuumauma maneno. Nina miezi. Sasa hivi kila anayenitazama ananizika kwa macho, Mhina. Wanafunzi wangu, majirani, Tatu mwenyewe. Wewe umenizika pale mlangoni, nimekuona." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonichoma. "Nimebakiwa na mtu mmoja duniani anayenitazama kama mimi. Niachie huyo. Harusi ipite."

"Na mama je? Macho ni yake."

"Na uso ni wangu."

Niliinama juu ya simu ya mteja. Yeye akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo, akanipigapiga shavuni na kurudi mbele. Nilibaki nimeshika bisibisi bila kazi. Nilikuwa nimemlaani yule msichana mpole wa kampuni kwa miaka miwili, aliyeamua kwa niaba ya mama yangu kitu gani aone na kitu gani asione. Na mimi nimefanya nini?

* * *

"Haya, simama nikupime," mama alisema.

"Tumia vipimo vya zamani, dada. Si vipo kwenye daftari?"

"Tangu lini mimi nakata kitambaa kwa daftari?"

Hiyo ilikuwa sheria ya duka, na wateja wote waliijua. Hata ukija Jumatatu na kurudi Jumatano, mama atakupima upya. Mwili haukai daftarini, alizoea kusema, na mtu akinung'unika alimwonyesha mlango. Nilikulia chini ya sentensi ile. Niliisikia mara elfu nikiwa nyuma ya pazia, nikihifadhi sura za watu kwenye faili.

"Basi nipimie juu ya sweta. Nasikia baridi."

"Baridi Muheza, mwezi huu? Haya, mama wa Amani. Nitapunguza inchi mbili."

Mama alichukua futikamba yake, ile aliyoitengeneza miaka ya giza. Aliitia fundo dogo la uzi kila baada ya inchi mbili ili asome kwa kidole gumba, na hata alipopata mboni hakuiacha. Akaizungusha kifuani kwa mdogo wake. Gumba lake likatembea juu ya mafundo, likasimama. Likarudi nyuma. Likatembea tena.

Inchi thelathini na nne. Niliyaona mafundo kutoka nilipokuwa, ukingoni mwa pazia. Daftari lilisema arobaini na nne, na hizi zilikuwa pamoja na sweta mbili.

Mama alipima kiuno. Alipima mkono. Kisha akapandisha mikono yake nyuma ya shingo, akauvua utepe mweusi, akachomoa waya, akailaza simu juu ya cherehani kifudifudi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nilimwona mama akilifuata giza mwenyewe.

"Dada, acha," alisema mama mdogo.

Mama hakuacha. Aliweka viganja vyake juu ya uso wa mdogo wake, taratibu, kama anavyogusa hariri kabla ya kuikata. Vilipita kwenye paji. Vikashuka kwenye mashimo ya macho, kwenye mifupa ya mashavu, kwenye taya. Nje mtu alikuwa anahesabu machungwa kwa sauti.

"Mhina," mama aliita.

"Naam."

"Huyu niliyempima ni nani, na yule niliyemwona ni nani?"

Mama mdogo alinitazama kupitia vidole vya dada yake. Alitikisa kichwa kidogo sana. Nilikuwa na neno moja tu la kusema ili kila mmoja abaki na alichonacho: simu imeharibika, mama, nitaitengeneza kesho. Ningeweza kulisema vizuri. Maneno ndiyo kazi yangu ya pili.

"Huyu ni mama mdogo," nilisema. "Yule ni picha. Niliihifadhi Idi ya mwaka juzi ili simu isichoke."

Nikamweleza yote, ujanja wote, sura thelathini na moja. Alisikiliza bila kuondoa mikono usoni kwa mdogo wake.

"Na wewe? Wewe nakuonaje?"

"Kama nilivyokuwa nilipomaliza kutengeneza. Miaka kumi na tisa."

"Njoo hapa."

Nilikwenda. Aliutoa mkono mmoja, akanishika kidevu, akauondoa mkono kwa mshtuko kama aliyegusa paka gizani.

"Una ndevu!"

"Ndiyo, mama."

"Mama Kamote ananiambia kila siku, mwanao ana ndevu kama shekhe, namwambia muongo mkubwa we, mwanangu namwona mwenyewe!" Alitaka kukasirika, nikaona akijaribu. Badala yake kicheko kilimtoka, na mama mdogo naye akacheka, na kicheko cha mama mdogo kikageuka kilio, na wote wawili wakakalia kigoda kimoja kisichowatosha.

"Nilitaka unikumbuke hivyo," mama mdogo alisema alipoweza. "Nikiwa na mashavu."

"Unayetaka nimkumbuke yumo kwenye simu ya Mhina, Riziki. Hahitaji kutembelewa. Anashiba, halali njaa, hasikii baridi. Wewe unaumwa peke yako hapa mbele yangu, nami namsifu yeye!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Lakini uso ni wako. Ukisema niache, nitaacha. Nitakushika kwa mikono tu, nisikuone."

Mama mdogo alivua sweta ya juu, akaikunja, akaiweka magotini.

"Utanitazama kama wanavyonitazama wao?"

"Sijui," mama alisema. "Sijakuona bado."

* * *

Niliwaambia gharama yake kwanza, wajue. Sura zikifutwa, chipu italazimika kuchora kila uso upya. Picha zitashuka hadi nne kwa sekunde. Watu watatembea kwa kurukaruka, betri itakufa kabla ya adhuhuri, na sindano ya cherehani itakuwa ukungu mtupu.

"Kwa hiyo nione watu, au nishone," mama alisema.

Nilikaa pale chini, kompyuta magotini, simu imeungwa kwa waya. Nilifikiri kwa vidole, kama ninavyofikiri siku zote. Ilinichukua saa nzima na vikombe viwili vya chai aliyoniletea mama mdogo mwenyewe. Nilimfundisha draiva jambo jipya. Kitufe cha sauti kikibonyezwa chini, nguvu yote inakwenda kwenye kitambaa, na nyuso zinachorwa kama vivuli vya kijivu, bila macho wala midomo, ili mama asidanganyike kwamba anamwona mtu. Kikibonyezwa juu, nguvu yote inakwenda kwenye uso ulio mbele yake, na kuta, na barabara, na kuku wa Mama Kamote, vyote vigande vikitaka.

"Ukuta unidanganye tu," mama alisema. "Ukuta haunidai kitu."

Kisha nikazifungua sura. Thelathini na moja, zimepangwa kwa tarehe. Nilifuta yangu kwanza. Nilipofika kwa mama mdogo nilimgeuzia kioo ajione, na nguo ile ya zambarau ilionekana ukingoni mwa picha. Aliitazama. Akaunyoosha mkono wake uliokonda, akabonyeza kufuta mwenyewe.

Juu ya faili beti langu lilikuwa bado linang'aa. Na leo anatuona. Miaka miwili lilikuwa limesimama pale, vina vyake safi, mizani yake kamili, na lilikuwa uongo. Niliufuta mstari wa pili. Wa kwanza nikauacha bila mwenzake.

Nikaiwasha simu upya. Mama aliuvaa utepe, akachomeka waya, akasubiri. Simu ya zamani huchukua dakika mbili kuamka. Katika dakika hizo alishika vidole vya mdogo wake.

"Inakuja," mama alisema. "Vipande vipande. Naona sweta. Naona kola." Alibonyeza kitufe juu. Simu ilianza kupata moto, nikaweka kitambaa kibichi nyuma yake na kukishikilia pale.

Midomo ya mama ikafunguka.

Mama mdogo aliinamisha uso. Alikuwa anangoja kuzikwa. Mama alimwinua kwa kidole kimoja chini ya kidevu, akasogeza kifua chake karibu, mboni ikatazama paji, ikatazama mashavu, ikatazama kila mahali mikono ilipopita.

"Riziki," alisema polepole. "Umefanana na mama."

"Nini?"

"Mama yetu. Mfupa huu hapa, na hili taya. Mimi nilidhani hakuna aliyeuchukua uso wake. Kumbe ulikuwa nao wewe siku zote, umeuficha kwenye mashavu." Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye macho yasiyoona. "Miaka kumi na tano sijauona uso huu."

Mama mdogo aligusa shavu lake mwenyewe kama mtu anayegusa kitu alichorudishiwa. Hakulia. Alikaa wima, kama anavyokaa mbele ya darasa.

"Haya," alisema, "nishonee basi. Kabla betri haijaisha."

"Nashona kwa thelathini na mbili. Na pembeni, ndani ya mshono, naacha kitambaa cha inchi nne kila upande. Ukinenepa nitaachia."

"Na nikizidi kupungua, dada? Kabla ya harusi, au baada yake?"

Mama alichukua futikamba yenye mafundo, akaizungusha mkononi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, mahali anapofunga vitu asivyotaka kupoteza.

"Nitabana," alisema. "Kila Alhamisi nitapanda Amani na hii futikamba, Mhina atanishika mkono njiani. Nitakupima upya, nitakutazama usoni, na nguo nitaibana palepale kitandani kwako kama itabidi. Sitakushonea kwa vipimo vya jana, Riziki. Si wiki hii, si ile ya mwisho. Nakuahidi."